Mfuko wa Maziwa Mlangoni

Kila asubuhi Mzee Madhukar Phadnis wa Nashik alifungua mlango, akachukua mfuko wa maziwa uliotundikwa kwenye kitasa, akafunga. Kisha alichemsha chai, kikombe kimoja tu. Mkewe, Sulabha, alikuwa amefariki. Binti yao alikuwa Kanada. Upweke, jamani, ulimtafuna mzee wa watu.

Kabatini alikuwa na seva, yaani kompyuta ndogo inayowaka usiku na mchana. Aliifunga mwenyewe, maana alikuwa fundi mitambo ya simu kabla ya kustaafu. Humo alihifadhi picha za familia na sauti ya Sulabha. Ndani yake aliweka pia programu ya ulinzi. Seva ikiharibika, programu imtumie ujumbe.

Siku moja jirani wa mlango wa pili, Nasreen Inamdar, alikuja kumsaidia kuchagua bima ya afya. Nasreen anafanya kazi dirisha la bima hospitalini.

"Nachukua hii ya bei nafuu," Madhukar alisema. "Na habari za kisukari changu siwaambii."

"Weee! Thubutu!" Nasreen alimkata. "Ukificha ugonjwa, siku ya kuugua watakataa kulipa. Waambie ukweli. Halafu umesoma masharti?"

"Nimesoma bei."

"Haya, ndiyo zenu. Sikiliza, mzee wangu. Hii ya nafuu hailipii kisukari mpaka miaka mitatu ipite. Gharama nyingine utachangia mfukoni. Na hospitali zinazopokea kadi yake zote ziko Mumbai. Ukizidiwa hapa, utafika?"

"Na hii nyingine?"

"Ni ghali kidogo. Lakini inalipia kisukari baada ya mwezi mmoja, na hospitali yetu hapo barabarani inaipokea. Rahisi ghali, mzee."

Madhukar alicheka, akakubali. Akataka kumsikilizisha jirani sauti ya mkewe. Alibonyeza simu, iliyounganishwa na seva. Kimya. Akabonyeza tena.

Walikimbilia kabati. Taa ya seva ilikuwa imezimika.

"Mbona programu yangu ya ulinzi haikuniambia?" Madhukar alilalama. "Niliona kimya, nikajua ni salama!"

"Mlinzi wake yuko wapi?"

"Humohumo ndani."

"Ala! Sasa mtu akizimia anajipigia simu mwenyewe?"

Madhukar alitazama seva, akatazama mlango wake uliofungwa.

"Nasreen," alisema polepole, "mimi nikianguka humu ndani, nani atajua?"

Machozi yalimlengalenga Nasreen.

Bahati nzuri, kilichoungua ni chaja tu. Walibadilisha, na sauti ya Sulabha ikarudi, inagombeza mtu jikoni. Siku hiyohiyo Madhukar alinakili kila kitu kwenye diski, akampa Nasreen amtunzie. Kisha aliweka kompyuta nyingine kuukuu nyumbani kwa Nasreen. Hiyo kazi yake ni kuiuliza seva kila mara, "Upo?" Isipojibiwa, inapiga kelele kwenye simu zao wote wawili.

"Na wewe tutakuuliza vipi?" Nasreen alisema. "Maziwa! Saa mbili ikifika mfuko bado unaning'inia, nagonga. Nipe ufunguo wa akiba na nakala ya kadi ya bima."

Miezi ilipita. Asubuhi moja Nasreen alitoka kwenda kazini, akaona mfuko unaning'inia. Akagonga. Kimya. Akafungua kwa ufunguo, akamkuta Madhukar sakafuni, jasho jembamba likimtoka, hajitambui. Sukari ilikuwa imeshuka. Alimfikisha hospitali ya karibu, akatoa kadi. Bima ililipa.

"Ungechelewa kidogo," daktari alimwambia Madhukar alipozinduka, "tungekuzika."

Alirudi nyumbani akiwa mzima. Nyumba ilikuwa kimya kama zamani. Kesho yake maziwa yalikuja. Alisimama nyuma ya mlango, amevaa, amechana nywele, lakini hakufungua. Saa mbili ikagonga.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Mzee! Upo?"

Alifungua upesi.

"Wewe!" Nasreen alifoka, mkono kifuani. "Kumbe mzima! Ukizoea kunidanganya, siku ya kweli sitakuja."

"Sirudii, mwanangu. Nisamehe," Madhukar alisema. "Ni kwamba ni muda mrefu sijasikia mtu akiniuliza kama nipo."

Nasreen alimtazama. Akavua viatu, akachukua mfuko wa maziwa, akaingia nao jikoni.

"Vikombe vingine unaweka wapi?" aliuliza.