Ujumbe wa Matroni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi zake: kufagia baraza, kuokota vipande vya uzi chini ya cherehani ya Mama, na kumwamsha Dada. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipenda. Walilala kitanda kimoja, na Dada akitekenywa nyayo aliruka kama samaki. Jina la Chiriku alipewa na Dada huyo huyo, kwa sababu mdomo wake haukupumzika ila akiwa amelala, na hata hapo si sana.

Siku hizi Dada hakuhitaji kuamshwa. Alikuwa amemaliza masomo ya uuguzi na kupata leseni, na sasa alitafuta hospitali ya kufanyia kazi. Chiriku alipofungua macho alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani.

"Bado tu?" Mama aliuliza kutoka barazani.

"Bado, Mama."

Chiriku alijifunika shuka usoni. Alijua Dada anasubiri simu ya nani. Alijua pia kwamba simu hiyo ilikwishapigwa.

Ilipigwa Jumamosi. Dada alikwenda sokoni kumnunulia Mama vifungo, akaacha simu kwenye chaji. Ilipolia, Chiriku akapokea.

"Mimi ni matroni wa hospitali ya rufaa," ilisema sauti ya mama mtu mzima. "Namtafuta muuguzi aliyeomba wodi ya watoto wachanga. Wewe ni nani?"

"Mdogo wake. Ametoka kidogo."

"Basi mwambie nimempatia nafasi. Anipigie kabla ya Ijumaa kwisha. Asiponipigia nitampa mwingine. Utakumbuka?"

"Ndiyo, Mama. Nitamwambia."

Hospitali ya rufaa ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Dada angehamia huko. Chiriku alikitazama kitanda chao, akakiona kikiwa kitupu upande mmoja. Nani angemfundisha hesabu? Nani angecheka naye mpaka Mama agonge ukuta? Kidole chake kikaifuta ile namba. Alijiambia kwamba atasema jioni. Jioni ikaja, akajiambia kesho.

Jumatatu Dada alimwuliza wakinywa uji, "Hivi Jumamosi nilipokuwa sokoni, simu yangu haikulia?"

"Haikulia."

Mpaka hapo alikuwa amenyamaza tu. Sasa alikuwa amedanganya. Kila alipotafuta pa kutokea, alikuta amejiziba mwenyewe. Akisema leo, ataulizwa mbona hakusema jana. Akisema kesho, itakuwa mbaya zaidi. Shuleni mwalimu alimshika paji la uso akidhani ana homa, maana darasa lilikuwa kimya kupita kiasi. Nyumbani aliacha kukaa chumbani. Lakini barazani nako alikuwapo Mama, na macho ya Mama yalizoea kuona mshono uliopinda.

Jumatano jioni Mama alisimamisha cherehani. "Ile hospitali ya njia panda si inakutaka? Iko karibu, na ni nzuri."

"Inanitaka," Dada alijibu. "Lakini nilipokwenda kuiona niliwauliza wauguzi, zamu ya usiku mnakuwa wangapi? Wakatazamana. Nikauliza, muuguzi mgeni anafundishwa na nani? Wakacheka. Sakafu yao inang'aa mpaka unajiona, Mama, lakini mgonjwa hatibiwi na sakafu."

"Na ile ya rufaa?"

"Kule wanatunza watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Na matroni wao anasimama nawe mpaka mkono wako ukomae." Dada aliigeuza simu kichwa chini. "Lakini hawakunitaka. Mchagua jembe si mkulima. Kesho nitakwenda njia panda."

Chiriku aliinama, akaokota vipande vya uzi chini ya cherehani.

Alhamisi, baada ya shule, Dada alimwomba amsindikize. Chiriku aliyekuwa akililia kufuatana na Dada kila mahali, safari hii alitembea kama anayeburutwa.

Kweli sakafu iling'aa. Lakini muuguzi mmoja tu alikuwa akikimbia kutoka chumba hiki kwenda kile na sinia la sindano, na katika chumba kimoja mzee alisimama ameinua chupa ya dripu ya mkewe kwa mkono wake, mkono ukimtetemeka.

"Wewe ndiye unayekuja?" yule muuguzi alimwuliza Dada. Macho yake yalikuwa mekundu. "Afadhali. Niko hapa tangu jana." Kisha akaitwa, akakimbia.

Mkurugenzi aliwakaribisha ofisini kwa tabasamu. "Mkataba wetu ni wa miaka miwili," alisema. "Na cheti chako halisi tutakitunza hapa kabatini mpaka muda huo uishe."

"Kwa nini mkitunze nyinyi?"

"Wauguzi wana tabia ya kukimbia," akasema, akacheka peke yake. Akafungua kabati. Ndani mlikuwa na bahasha nyingi, na kila bahasha ilikuwa na jina la mtu.

Dada alifungua mkoba wake polepole. Chiriku aliutazama mkono uliomfundisha kuandika ukitoa cheti ambacho Mama aliuza cherehani yake ya pili ili kipatikane. Alielewa kwamba kabati lile likifungwa, Dada angefungiwa humo, na aliyemleta hapo ni yeye.

"Dada, usimpe," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. "Matroni alipiga. Jumamosi. Alisema umepata nafasi. Nikaifuta namba yake."

Dada alimtazama kama anayemtazama mtoto wa watu. Kisha akarudisha cheti mkobani.

"Samahani, mkurugenzi. Naomba nirudi nyumbani kwanza."

"Nafasi hii haitakungoja."

"Naelewa."

Njia nzima Dada alitangulia mbele bila kugeuka. Walipofika, Chiriku alimweleza Mama yote, mwenyewe, hadi lile neno "haikulia". Mama hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi. Dada alimpigia mwenzake wa chuoni aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya rufaa, akapata namba ya matroni. Alipotaka kupiga, Mama akaichukua simu na kumkabidhi Chiriku.

"Wewe ndiye uliyepokea. Utaanza wewe."

Matroni alipoitika, Chiriku alishika ukingo wa meza. "Mimi ni yule mdogo wake. Sikumpa Dada ujumbe wako. Nilitaka asiondoke."

"Katika wodi yangu," matroni alisema, "muuguzi akikosea dawa, kitu cha kwanza ni kusema, hata kama anatetemeka. Akisema mapema, tunamwokoa mtoto. Akificha, tunampoteza mtoto, naye muuguzi anapotea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nimechelewa kusema."

"Umechelewa, lakini Ijumaa haijapita. Nipe dada yako."

Dada aliongea akiwa amesimama. Alipoikata simu, alikaa chini kwenye marobota ya vitambaa, akafunika uso na kulia. Alitakiwa kuripoti Jumatatu.

Kesho yake Mama alikuwa akipinda sare nyeupe ya Dada, Chiriku akimwokotea pini.

"Mwanangu," Mama alisema, "kumpenda mtu si kumfungia mlango. Ukificha jambo linalomhusu mwenzako, umemchagulia maisha bila kumwuliza. Na uongo haukubani wewe peke yako. Umeona mwenyewe, ulikaribia kumbana dada yako pia. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, jambo likiwa bado dogo."

"Atanisamehe?"

"Mwulize. Si umeshajua kusema?"

Chiriku aliingia chumbani. Dada alikuwa akipanga nguo sandukuni.

"Dada, nisamehe. Umenikasirikia?"

"Sana," Dada alisema bila kugeuka. Alikunja blauzi moja, akaikunja tena. "Kesho nitakukasirikia kidogo. Jumapili nataka unisindikize stendi. Haya, njoo ukalie hili sanduku, halifungi."

Chiriku akapanda juu ya sanduku, akakaa kwa uzito wake wote mpaka kufuli ikalia.