Joho Fupi la Hester

Wiki ya kwanza ya muhula wa Oktoba, duka la majoho la Oxford huwa halina pa kuweka mguu. Hester Cropley, binti wa mchuna samaki wa bandari ya Grimsby, alikuwa akijipenyeza kuelekea mlangoni aliponasa kwenye utepe wa mtu. Akavuta. Joho likamfuata, na mwenyewe akiwa ndani yake.

"Polepole, dada. Hata sijalifikisha chumbani."

"Kumbe ni joho? Nilidhani koti lililoliwa na panya."

"Na hilo ulilobeba ni la nini?"

Hester akatazama mfuko wake. "Lilelile. Basi tutachekwa wote."

Kijana huyo aliitwa Alwyn Prosser, mrefu, masikio mekundu kwa baridi, mtoto wa dereva wa basi wa bonde moja huko Wales. Joho la mwanafunzi mpya ndivyo lilivyo: linaishia nyongani, halina mikono, lina tepe mbili zinazoning'inia mgongoni. Lakini bila hilo huingii kwenye dhifa ya Ijumaa, hata uvae suti ya arusi.

Oxford ina vyuo vingi ndani yake; wakagundua wako kimoja, na Ijumaa ile wakakaa benchi moja. Hester alivaa gauni la mahameli la kijani, la shangazi yake, lililopunguzwa kiunoni. Alwyn alikuwa akilitazama gauni hilo, ndiyo maana watu wote waliposimama kungoja sala yeye alikuwa amekaa, kijiko kimeshazama kwenye supu.

"Shusha kijiko," Hester akanong'ona. "Hawajaomba."

"Si waombe tu. Mimi nawazuia?"

"Simama, bwana we, utatufukuzisha."

Kufikia majira ya kuchipua kila mtu chuoni alijua kwamba ukimtafuta mmoja utampata mwingine. Jioni moja ya Mei, kwenye dhifa, walikaa nyuma ya wanafunzi wa mwaka wa pili waliovaa majoho marefu, yenye mikono mipana inayofika magotini. Hayo hayanunuliwi hivihivi. Huvaliwa na waliopata daraja la kwanza kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza, na anayelipata hutakiwa kulivaa kila dhifa, ajulikane.

"Watazame," Alwyn akasema. "Wanafagia sakafu kwa akili zao. Mimi mpenzi wangu akivaa lile, namwacha palepale."

Akacheka, na Hester naye akacheka. Ila mzaha mzaha hutumbuka usaha, na Hester alilala na neno lile.

Julai matokeo yakatoka. Alwyn akapiga simu kutoka kwao.

"Haya mpenzi, sema."

"Anza wewe."

"Nimepita. Kwa kukwaruza, lakini nimepita. Wewe je?"

Hester alikuwa jikoni kwa mama yake, karatasi mkononi. Daraja la kwanza, na jina lake lilikuwa la tatu katika somo lao lote.

"Mimi pia nimepita."

"Basi tuko sawa."

"Tuko sawa," akajibu, na moyo ukamsuta kabla hajakata simu.

Oktoba iliporudi alilitundika joho refu kabatini nyuma ya makoti, akaenda kwenye dhifa na lile fupi. Alichosahau ni kwamba sala ya Kilatini husomwa kwa zamu na wenye majoho marefu, kwa kufuata alfabeti ya majina. Taarifa ya zamu yake ilikuwa imetumwa tangu Jumatatu, naye hakuifungua.

Mkuu wa watumishi akagonga kinyundo. "Msomaji wetu leo, Bibi Cropley."

Hester akaenda mbele na tepe zake mbili, akasoma mpaka mwisho. Watu mia mbili wakaona joho lisilo lake. Aliporudi, Alwyn alikuwa akiitazama sahani.

Hapo ndipo sheria za mahali hapa zinapokuwa katili. Hakuna anayeinuka kabla ya meza kuu, ile ya maprofesa, kuinuka, hata awe na shida gani. Kwa hiyo waligombana kwa kunong'ona, kuanzia supu hadi kitindamlo.

"Tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Na simu zote zile, tuko sawa, tuko sawa."

"Ulisema ungeniacha."

"Nilikuwa natania, Hester."

"Ningejuaje?"

Mtumishi akaleta nyama ya kondoo. Wakamshukuru kwa pamoja.

"Kunishinda si kosa," Alwyn akasema. "Kosa ni kwamba ulinipima, ukaniona mdogo kiasi hicho."

Na kweli, ndivyo Hester alivyofanya. Meza kuu ilipotoka, Alwyn aliinama kwa adabu, akaondoka bila kumngoja.

Siku sita Hester alipiga simu, na siku sita iliita mpaka ikakatika. Simtetei Alwyn. Kwenye hasira yake mlikuwa na wivu pia, naye alijua, ndiyo maana hakupokea. Siku ya saba akapiga mwenyewe.

"Leo unakwenda kula?"

"Sijui."

"Nenda. Vaa la kwako."

"Utakuja?"

"Wewe vaa kwanza."

Akavaa. Ukumbini Hester akakaa, akaacha nafasi kando yake, na kila aliyetaka kuikalia alimwambia ina mtu, bila kujua kama ni kweli. Alwyn aliingia wa mwisho, tai imepinda.

"Limekukaa vizuri."

"Usinitanie."

"Sitanii. Linaniuma kulitazama, sitakuficha. Nililitaka mimi."

"Najua. Nisamehe kwa uongo wangu."

"Nami nisamehe kwa kukutisha. Mdomo huu." Akainyoosha tai. "Nimempigia mama. Nimemwambia yote, mpaka alama zako."

"Akasemaje?"

"Akauliza, 'Unamwacha kwa sababu amekuzidi akili?' Akaniambia, 'Mwanangu, baba yako anaishi na tatizo hilo mwaka wa ishirini na sita sasa, na usiku analala fofofo mpaka anakoroma.' Krismasi anataka kukuona."

Hester akacheka mpaka meza ya pili wakageuka. Kisha, chini ya kitambaa kipana cha joho lake, akakishika kiganja cha Alwyn, na watu wote waliposimama kwa sala hakukiachia.