Baiskeli Iliyokokotwa Mteremkoni

Ngoma ya mtemi iligundulika kuwa haipo saa moja asubuhi, Jumamosi, tarehe 12 Julai 1975. Mageni, mwenyekiti wa kijiji cha Busangwa, alikwenda Igalamya, kijiji cha zamani ambacho watu wake walihamishwa mwaka uliotangulia. Alitaka kufagia kibanda cha ngoma, maana Jumatatu gari la makumbusho lilikuwa linakuja kuichukua. Akakuta mlango wazi na kigoda kitupu.

Koplo Bujiku wa polisi alipofika na baiskeli yake saa tatu, mwizi alikuwa ameshapatikana.

"Donatus," Mageni alisema. "Mchimba almasi wa Maganzo, mtu wa Ukerewe. Kaonekana alfajiri njia ya Igalamya na mzigo nyuma ya baiskeli. Nimemfungia ofisini. Saa kumi na mbili jioni lori la pamba linakwenda Shinyanga, anapanda hilo."

Donatus alikuwa amekaa sakafuni, macho mekundu.

"Afande, mzigo ulikuwa wanzuki, pombe ya asali, madebe mawili. Kesho natoa posa kwa wazazi wa Limi. Wakisikia nimelala mahabusu kwa wizi, nimemkosa."

"Hiyo wanzuki iko wapi?"

"Mwenyekiti kaishika. Ushahidi."

Bujiku alifunua madebe. Moja lilikuwa nusu. Akamtazama Mageni.

"Tulikuwa tunahakikisha," Mageni alisema.

Igalamya palikuwa kimya, kuta za udongo zimeanza kulika. Bujiku aliinama mlangoni pa kibanda. Mchangani palikuwa na mstari mmoja wa tairi la baiskeli, na pembeni yake nyayo za viatu vya makatambuga. Mtu alikuwa akiikokota. Hilo halikumshangaza, mchanga ni mwingi. Alifuata mstari ule hadi mteremko wa Ikonda, ambako mchanga huisha, udongo umeshikana chini ya vumbi jepesi na hata mzee huachia breki akacheka. Nyayo zilikuwa bado zipo pembeni ya tairi. Zilishuka hivyo hadi chini.

Nani anashuka mlima ule kwa miguu huku ana baiskeli?

Chini ya mteremko zilianza nyumba za warina asali, kila ua na mitungi yake imefunikwa magunia. Nyamizi, mpika wanzuki, alikuwa akichuja nta.

"Mwadila, mayu," Bujiku alimsalimia Kisukuma. "Donatus alipita hapa?"

"Alfajiri. Nilimuuzia madebe mawili, akaondoka mbio kama anafukuzwa na nyuki. Huyo si mwizi, ni mtu wa kuoa."

"Na mwingine?"

"Kabla yake. Mtu kajifunika shuka, anakokota baiskeli, nyuma kuna kitu kimeviringishwa blanketi. Nikamtania: 'Baba, wewe ndiye umeinunua hiyo baiskeli au imekununua wewe?' Akazidi kujifunika tu. Alikwenda njia ya Ng'wandilo."

Bujiku alikunywa bakuli moja, akakaa kidogo. Bibi yake alizaliwa katika utemi huu, na alimwambia tangu utotoni: ukiwa na ngoma ya mtemi hupandi chombo. Anayeibeba hutembea, hata akiwa na farasi. Mtu wa Ukerewe angelijuaje hilo? Mwizi wa kawaida angelijali vipi?

Alikanyaga pedali maili nane hadi Ng'wandilo, makalio yakimuuma. Saa tisa na robo aliegemeza baiskeli nyumbani kwa Maige, mtunzaji wa ngoma tangu enzi za mtemi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo alfajiri ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Na baiskeli?"

"Ina pancha tangu juzi. Naikokota tu."

Bujiku alibinya tairi la nyuma. Lilikuwa gumu. "Tairi lililopita Ikonda lilikuwa na upepo, mzee. Na aliyekokota hakuogopa mlima, aliiheshimu ngoma."

Maige alitazama chini. Kisha akafungua mlango.

Ndani, kitandani, mkewe Eufrasia alikuwa amelala ubavu, miguu imevimba. Ngoma ilikuwa kando yake. Mkono wake ulikuwa ukipaka samli juu ya ngozi, polepole, duara baada ya duara.

"Ameipaka miaka arobaini," Maige alisema. "Tulipohamishwa huku hakuweza tena kutembea hadi kibandani. Alipojua inachukuliwa Jumatatu, aliacha kula. Nilitaka aiage, kesho usiku niirudishe."

"Na Donatus?"

"Nilisikia amekamatwa. Nikanyamaza."

Mkono wa Eufrasia ulisimama. "Maige! Hukuniambia kuna mtu amekamatwa."

"Ningekuambia ungeniamuru niirudishe."

"Ningekuamuru. Nenda."

Saa kumi na moja na nusu walifika Busangwa, baiskeli mbili zimejaa vumbi. Lori lilikuwa limeshaanza kunguruma. Maige alisimama mbele ya Donatus, kofia mkononi, akaeleza yote bila kujitetea.

"Ngoma iko wapi?" Mageni aliuliza.

Bujiku alikuwa akiandika. "Imepatikana, na lori liende bila Donatus. Iko kwa mtunzaji mpaka Jumatatu."

Donatus alijifuta uso kwa kiganja. "Mama amemaliza kuipaka?"

"Bado. Mikono inachoka."

"Basi amalize." Akamgeukia Maige. "Lakini wewe, mzee, kesho tunakwenda wote kwa wakwe. Ukawaambie kwa mdomo wako kwa nini jina langu limehusishwa na wizi."

"Nitakwenda, mwanangu," Maige alisema. "Nitasema mimi kwanza, kabla hujakaa."