Nati ya Mwavuli

Walikutana duka la vifaa vya ujenzi, foleni imejaa mpaka mlangoni. Dada mwenye mkahawa, gauni la njano, jasho shingoni, anaburuta boksi refu kuliko yeye.

Fundi mmoja nyuma yake akamtania: "We dada, maiti hiyo unaipeleka wapi?"

"Mwavuli wa nje, we mwenye mdomo. Kama na mikono unayo, shika huku."

Fundi akashika. Jioni hiyohiyo alikuwa uani kwenye mkahawa wa yule dada, akajaza kitako mchanga, akasimamisha nguzo, akakaza nati kwa spana, kisha akausukuma mwavuli kwa bega. Haukucheza.

Lakini haikupita wiki, simu.

"Fundi wangu, unayumba tena."

"Mimi au mwavuli?"

"Njoo ujionee."

Akaja, akakaza, akapewa chai, wakacheka. Wiki iliyofuata tena. Na tena. Alikuwa akiondoka anapiga mluzi, ila rohoni kunamchoma: kazi gani hii isiyokaa?

Siku moja upepo ukavuma. Mwavuli ukachomoka kwenye kitako, ukaruka meza, ukamkwaruza mama mzazi wa yule dada kwenye paji la uso. Fundi alipopata habari akazima simu. Utamuoa vipi mtu ambaye nusura umuue mama yake?

Siku ya tatu dada akatokea karakana ya fundi, gauni lilelile la njano, macho mekundu.

"Umezima simu?"

"Nimemuumiza mama yako."

"Hukumuumiza wewe. Ni mimi."

Akafungua kiganja. Spana ndogo.

"Nati nilikuwa nailegeza mwenyewe. Ningekuita kwa sababu gani nyingine? Siku ile nikailegeza, wateja wakajaa, nikasahau kukupigia."

Fundi akakaa juu ya ndoo, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la saruji.

"Kwa hiyo mikono yangu mizima?"

"Mtu nimekuja kukwambia nakupenda, we unauliza mikono!"

Fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Na mama anasemaje?"

"Ana plasta moja tu. Anasema uje ukaze mwavuli, na safari hii uje na wazazi wako. Eti tukiendelea kuitana kwa spana, tutamzika."

Fundi akaichukua ile spana, akaitia mfukoni.

"Hii nakaa nayo mimi."

"Na nikikuhitaji?"

"Utanikuta humohumo ndani, mke wangu."