Pikipiki Iliyozimikia Castle Vale

Jeannine wa nyumba ya chini anasema alimwona Kipchumba, mpenzi wa Moraa, kwa macho yake mawili. Anasema basi lilisimama kwenye taa za barabarani za mtaa wa Castle Vale, naye akageuza shingo tu hivi, akaona pikipiki nyekundu kando ya barabara na Kipchumba ameketi juu ya ukuta mfupi wa bustani ya mtu, helmeti pajani, anacheka. Mbele yake alisimama mwanamke wa gauni la kijani, kikombe mkononi. Kikombe kilikuwa cha nani Jeannine hakujua, lakini kwa alivyokisimulia ungedhani alikinywea yeye.

"Mimi sisemi kitu, chérie," akamalizia, na neno lake la Kifaransa la kubembeleza, baada ya kusema yote.

Moraa alimshukuru, akapanda ngazi na mifuko yake. Hakulia wala hakupiga simu. Alikuwa mtu wa kungoja aone.

Yeye na Kipchumba walikutana mtaani Erdington, huku ughaibuni, kwenye High Street iliyojaa watu, pikipiki hiyo kuukuu imegoma mbele ya kituo cha basi na mwenyewe anaipiga kiki, koti zuri la ngozi limelowa jasho. Moraa, ndani ya sare yake ya kutunza wazee, alimwambia kabla hata ya salamu: "Imefurika petroli. Wacha kiki, ngoja ikauke." Ilipowaka, Kipchumba akataka kujua fundi huyu anaitwa nani na anakunywa chai wapi. Ufundi ulikuwa wa kaka yake, Alfayo, aliyetengeneza bodaboda kule nyumbani Keroka. Moraa alipomaliza darasa la nane ndiye aliyekuwa akimshikia spana.

Tangu hapo, kila Jumamosi Kipchumba alitoka kwenye ghala la vifurushi alikofanya kazi kule Coleshill akaja moja kwa moja kwake. Siku hizi alichelewa. Alisema pikipiki inamzimikia njiani, Castle Vale, kila mara pale pale. Kabureta, alisema.

"Kila mara pale pale?"

"Babe, si mimi nachagua."

Na Jumapili ya wiki iliyofuata ndiyo waliyopanga ampigie mama yake Moraa, aombe siku ya wazee wake kufika kuposa. Simu hiyo ikishapigwa hairudi nyuma. Mama angelitangazia kanisa zima.

Basi Jumamosi hiyo Moraa akamwacha Kipchumba juu akikaanga mboga ya sukuma, akashuka na spana hadi kwenye pikipiki. Akafungua skrubu ya bakuli la kabureta, petroli ikaingia kwenye kopo: safi, haina maji wala mchanga. Akatoa jeti, ile pua ndogo ya shaba, akaitazama kwenye mwanga. Tundu lilikuwa wazi. Kabureta ilikuwa nzima; basi huenda alidanganywa.

Akatoa plagi. Nyeupe kama chaki, alama ya injini yenye njaa. Kumbe injini kweli ilikosa petroli. Akachomoa mpira unaotoka kwenye tangi: petroli ikatiririka, ikapungua, ikakoma, na tangi limejaa. Alipofungua mfuniko, hewa ilivutwa ndani kwa mlio, petroli ikaanza tena. Kitundu cha mfuniko, kile cha kuingiza hewa, kilikuwa kimezibwa na nta ya kung'arishia tangi. Kipchumba na kung'arisha kwake! Kila akitoka ghalani, tangi liliishiwa pumzi baada ya karibu mwendo ule ule, na mwendo ule uliishia Castle Vale.

Moraa akacheka peke yake, akamcheka na Jeannine. Akakizibua kwa sindano, akarudisha kila kitu. Lakini juu alisema tu kwamba atamalizia wiki ijayo. Alijiambia ni mzaha, aone atakavyoshangaa. Hakuwa akijiambia ukweli: alikuwa akimpima.

Jumamosi ikafika, na simu.

"Babe, imenizimikia tena."

"Wapi?"

"Si unajua. Castle Vale. Nangoja ipoe, nakuja."

"Pole," Moraa akasema.

Alimngojea chini, uani. Kipchumba alifika na shati jeupe, ananukia vizuri, kidole hakina hata alama ya grisi. Moraa akashika tambara, akatoa plagi ikiwa bado ya moto, akamwonyesha. Rangi ya chai ya maziwa.

"Hii imekuwa ikishiba wiki nzima," alisema. "Niliitengeneza Jumamosi iliyopita. Umeiendesha tangu ulipoondoka hapa, umejua kwamba haizimi."

Kipchumba alijaribu kucheka, akauliza kama siku hizi anapelelezwa na plagi. Moraa hakucheka.

"Anaitwa nani?"

"Audrey." Akatazama chini. "Mara za kwanza ilizima kweli, Moraa. Akanitolea maji, tukaongea. Leo haikuzima. Nilisimama mwenyewe."

Aliapa ilikuwa chai na maneno, hakuna zaidi. Akasema amekuwa mjinga, Castle Vale hatapita tena, atazunguka hata iwe mbali vipi. Moraa aliyasikia yote. Lililomkaa ni lile "pole" alilosema yeye kwenye simu, na jinsi Kipchumba alivyolipokea bila aibu.

Akairudisha plagi mahali pake, akiizungusha kwa vidole kwanza, taratibu, isije ikaharibu uzi wa tundu.

"Mrembo, nakuomba kitu kimoja," Kipchumba akasema. "Kesho bado nimpigie mama yako?"

Moraa akachukua spana, akaanza kukaza.

"Moraa. Nimpigie?"