Faji Niliyoikoroga Ingali ya Moto

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni kwamba alinawa mikono hadi kwenye viwiko kabla hajagusa chochote, na hakuna aliyemwambia. Alikuja kutengeneza jokofu la shangazi yangu. Mimi nilikuwa papo hapo jikoni, napika faji, zile peremende laini za chokoleti tunazozikata vipande vya mraba na kupeleka madukani.

Jokofu lilipona siku ileile, ila fundi hakuacha kuja. Mara amesahau bisibisi, mara anataka kusikiliza mlio wa mashine. Shangazi, ambaye hana dogo, akamwuliza:

"Mwanangu, jokofu limeshapona. Mgonjwa ni nani?"

Akacheka, akaomba afundishwe kupika faji.

Nilimfundisha kwa vitendo, maana maneno kwangu ni shida. Sukari, maziwa, kakao na siagi vinachemka pamoja. Unadondosha tone kwenye maji baridi. Likishikana kama donge laini, unaepua. Halafu sufuria unaiacha. Huigusi mpaka uweze kulaza kiganja chini yake bila kuungua, ndipo unakoroga. Ukiwahi, sukari inarudi kuwa mchanga. Siku ya kwanza alipeleka mwiko mapema, nikamchapa mkono. Alilicheka hilo wiki nzima.

Alhamisi moja akanitumia ujumbe:

"Nimepata kazi kwenye ghala la samaki, mji mwingine. Naondoka Jumapili saa tisa mchana. Nilitaka nizungumze na shangazi yako, nikupose kabla sijaondoka, lakini moyo wako siujui. Nijibu. Ukinyamaza nitaelewa kwamba hutaki, na sitakusumbua tena."

Niliusoma kwa kidole, neno baada ya neno. Niliacha shule darasa la tano, mama alipougua. Kusoma naweza, polepole. Kuandika ndiko kunakonitoa jasho. Niliandika nikafuta, nikakumbuka yeye anavyojaza fomu za kazi huku anaongea na watu, nikafuta tena. Kupiga simu ndiyo kabisa. Mimi hata kwa muuza nyanya huwa naonyesha kwa kidole.

Ijumaa ikapita. Jumamosi nayo ikapita.

Jumapili asubuhi nikaamua kumpikia faji ya safari. Nilijiambia akiletewa tu, ataelewa. Mikono ilikuwa jikoni, akili ilikuwa stendi ya mabasi. Nilikuja kushtuka nakoroga sufuria ambayo bado inafuka mvuke. Nilipoimwaga kwenye sinia, ilikuwa chengachenga kama udongo mkavu.

Shangazi akaonja, akaniangalia.

"Miaka mitatu hujawahi kuharibu hata sufuria moja. Kimya, nani kakuvuruga?"

Kimya ndilo jina alilonipa. Akaniambia faji ya hivyo haitupwi: niirudishe jikoni na maji kidogo, iyeyuke, ichemke, nianze upya. Kisha akachukua simu yake akaenda chumbani.

Saa saba fundi akatokea mlangoni, begi begani. Akasema shangazi amempigia, eti kasahau bisibisi tena.

Hapakuwa na bisibisi yoyote. Akaona vipande vilivyobaki kwenye sinia, akaokota kimoja, akatafuna. Nilisikia sukari ikisagika.

"Hii kapika nani?"

"Mimi."

"Wewe?" Akatafuna tena, taratibu. "Uliikoroga ingali ya moto."

"Ndiyo."

"Wewe uliyenichapa mkono."

Nikatazama sakafu.

"Nimesubiri siku tatu," akasema. "Sikuja kugombana. Nilishajiambia hunitaki, yamekwisha. Sasa naonja hii, sielewi tena. Ulikuwa unawaza nini?"

Sufuria ya pili, ya ile faji niliyoiyeyusha upya, ilikuwa mezani, inapoa. Siku zote mtu akinisemesha najificha kwenye kazi, naosha hiki, nafuta kile. Lakini vyombo vilikuwa vimeoshwa, meza imefutwa, na faji ikipoa haiguswi. Mikono yangu ilikosa pa kwenda.

"Ujumbe niliusoma siku ileile," nikasema. "Sikujibu kwa sababu kuandika sijui vizuri. Niliishia darasa la tano. Niliona haya."

Akashusha begi chini.

"Mimi sikutaka maandishi mazuri. Nilitaka kujua tu."

Nyuma ya mlango wa chumbani mtu alikohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua. Fundi akatabasamu, lakini macho hakuyaondoa kwangu. Alikuwa anangoja, na basi la saa tisa halikuwa linamngoja yeye.

"Nakupenda," nikamwambia. "Shangazi yuko pale mlangoni anasikiliza. Mwambie ulichotaka kumwambia, mimi nimekubali."