Anainama Bila Msaada

Jumamosi moja saa nane mchana, mpimaji aliangusha mwiko jikoni. Alikuwa ameshika sufuria ya moto kwa mikono miwili, akasema moyoni, utangoja. Alipotua sufuria na kugeuka, mwiko ulikuwa juu ya meza, mpini wake umelowa jasho.

Alidhani ni mama yake, aliyekuja kukaa naye ili amlelee mtoto. Lakini mama yake alikuwa uani anaanika nguo, na Kibonge, binti wa mpimaji wa miaka miwili, alikuwa amelala.

Jumatatu ilianguka sabuni. Jumatano kifuniko. Kila mara kitu kilirudi mahali pake, na kabla hakijarudi zilisikika sauti: mifupa ya mgongo ikilia kama mlango mkavu, kisha pumzi ya mtu anayejikaza asigune. Ikabaki harufu ya mafuta ya cherehani na dawa ya kuchua.

"Mwanangu, humu ndani kuna mtu," mama yake alinong'ona.

"Ni panya, mama."

"Panya gani anaokota sabuni akairudisha kwenye kisahani?"

Lakini ile harufu aliijua.

Kazi yake ilikuwa kupima watu walioomba posho ya ulemavu ya serikali. Daktari aliandika ugonjwa tu. Aliyeamua nani anastahili ni yeye, kwa fomu ya maswali ishirini na alama zake. Foleni ilikuwa ndefu, mkubwa wake alitaka watu thelathini kwa siku, na waongo hawakukosekana. Basi akajitungia njia ya mkato. Mtu akishaketi, aliisukuma kalamu kwa kiwiko ikaanguka. Aliyeiacha chini alipimwa vizuri. Aliyeinama kuiokota aliandikiwa: Anainama bila msaada. Hastahili. Miaka tisa hakumwambia mtu.

Fundi cherehani mmoja alikuja ofisini mwezi uliopita, mama wa makamo aliyeanguka ngazini akaumia uti wa mgongo, hata kuketi kwenye cherehani hawezi tena. Kalamu ilipoanguka aliitazama, akamtazama mpimaji, kisha akaanza kushuka. Maji ya chai yangechemka kabla hajafika chini. Alipoinuka jasho lilikuwa likimdondoka kidevuni, na kalamu aliikabidhi kwa mikono miwili. Mpimaji akasema asante, akaandika maneno yale yale.

Wiki ya pili, Kibonge alijikwaa uani akaanguka kifudifudi. Mpimaji alikuwa mlangoni, na kabla hajapiga hatua aliona kwa macho yake mwili wa mtoto ukinyanyuliwa polepole, kwa kutetemeka, kama kwamba aliyemshika alikuwa anaumia na bado hataki kumwachia, na ile mifupa ikilia, na ile pumzi ikikazwa, mpaka mtoto akasimama wima, kwapa zake zimelowa, akicheka na kumtazama mtu ambaye hayupo. Tangu hapo Kibonge akawa anajiangusha makusudi ili anyanyuliwe, na kila alipoinuliwa miguu yake ililegea zaidi, hata siku ya tano hakuweza kabisa kusimama peke yake. Alikaa sakafuni amenyoosha mikono juu, anangoja, na mpimaji, mama yake mzazi, akimkaribia alilia.

Wakaita mganga, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi. Alinusa kwapa za mtoto, akamgeukia mpimaji.

"Umemwinamisha nani?"

Mpimaji akasema hajamwinamisha mtu. Mganga akaanza kufunga mkoba wake.

"Basi tafuta mwingine. Jini hili limekaa ofisini kwako miaka, limelishwa likashiba, sasa limekufuata kwako. Siwezi kulifukuza wakati wewe unalificha. Sema kwa mdomo wako. Kisha uende ukaseme mbele ya uliyemtenda."

Akasema, macho sakafuni, mama yake akisikia kila neno. Mama yake hakumkaripia. Alimhamishia Kibonge bega la pili, lile lililo mbali naye.

Kesho yake alikwenda kwa fundi. Alimkuta amelala chali kwenye mkeka, cherehani imefunikwa shuka. Mpimaji alipiga magoti akasema kwamba kalamu haikuanguka, aliisukuma.

"Najua, mama. Nilikiona kiwiko."

"Sasa mbona uliinama?"

"Ofisa kaangusha kitu, mimi nimekaa natazama tu? Niliona aibu."

Mpimaji alitamani sakafu immeze. Alieleza kwamba amemwandikia mkubwa wake kila kitu, kwamba fomu itapimwa upya na mtu mwingine. Fundi alimsamehe, tena upesi, kama mgonjwa anayetaka mgeni aondoke apumzike. Alipofika mlangoni ndipo fundi akamuuliza, kwa upole tu, kama wengine walioinamishwa kama yeye ameshawaendea.

Nyumbani alimkuta Kibonge amesimama, kashika ukuta. Ile harufu haikuwepo. Mama yake alimletea chai, ya kwanza tangu jana, na mpimaji akaketi sebuleni, akalia kwa shukrani.

Hakuwa amemaliza kikombe mtu alipokohoa nje, kwenye korido. Kisha gongo likagonga saruji. Ukaja mguu unaoburutwa, na magurudumu ya kiti yakilalamika, na pumzi nyingine na nyingine, kila moja ikisimama nyuma ya mwenzake kandokando ya ukuta, kwa utulivu wa watu waliozoea kungoja, mpaka korido ikajaa na foleni ikageukia uani. Kibonge akaachia ukuta, akaketi, akautazama mlango na kucheka.

"Wangapi?" mama yake akanong'ona.

Mpimaji hakuwahi kuwahesabu.